Kahawa iko njiani ao hapana?

Jibu kutoka Hamburg liliingia saa tisa na dakika kumi alasiri. Mvua ilikuwa inapiga mabati, jenereta ya jirani inanguruma, na kijana wa kahawa alikuwa bado amesimama mbele ya meza yangu akihesabu faranga za kunilipa. Simu yake ikatetemeka. Akasoma, akakunja uso, akasoma tena. Kisha akanigeuzia kioo chake chenye nyufa kama utando wa buibui, bila kusema neno.

Yule mama wa Hamburg, mnunuzi wa kahawa, alikuwa ameandika mistari miwili ya Kiingereza. Wa kwanza wa kushukuru. Wa pili unauliza: samahani, sijaelewa, kahawa iko njiani au hapana?

Barua ambayo hakuielewa niliiandika mimi.

Zimepita wiki sita. Nimejaribu kuifanyia mzaha mbele ya mume wangu, nikajaribu kumlaumu yule mama, nikajaribu kusahau. Haikuondoka. Naosha vyombo, iko. Namenya ndizi, iko. Basi naiandika.

Insigne honneur

Wanaonifahamu wanakijua kibanda changu pale Nyawera: kompyuta mbili, printa moja yenye hasira, na ubao mlangoni unaosema kwamba tunachapa, tunatoa fotokopi na tunatafsiri Kiingereza. Hilo la mwisho limeandikwa kwa rangi nyekundu. Nilisomea Kiingereza ISP, chuo cha ualimu cha hapa Bukavu, na katika mji ambao Kifaransa ndiyo lugha ya shule na ofisi, mtu mwenye Kiingereza cha diploma hutembea kichwa juu. Wanaotafuta bursa, yaani ufadhili wa masomo, huja kwangu. Wanaotafuta kazi kwenye mashirika huja kwangu.

Kijana huyu anatoka Kalehe. Ndiye anayeshika simu ya kikundi cha wakulima wa kahawa wa kwao, yaani ndiye anayeandikiana na wanunuzi. Kiingereza hakukisomea popote. Nyumbani ni Kihavu, sokoni Kiswahili, shuleni Kifaransa, kwenye vizuizi vya barabarani Kilingala cha kujiokoa. Kiingereza kimekuja cha tano, na kimeingilia kwenye simu.

Siku ile alileta karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Nikiiweka kwa Kiswahili ilisema hivi:

"Kahawa tayari. Magunia 160, kila moja kilo 60. Unyevu 11.2. Lori limesimama tangu Jumanne, mvua imekata barabara. Boti iko. Bei kwako ni ileile. Tupeleke kwa boti, ndiyo ao hapana? Nangoja jibu leo."

Kwa Kiingereza ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. Vile vijineno ambavyo Waingereza huvitanguliza mbele ya nomino havikuwepo hata kimoja. Vitenzi vyote vilikaa wakati uliopo, kama watu waliokwama kwenye lifti. Nilimwonea huruma. Ndilo neno lenyewe, silifichi.

"Nikutengenezee?"

"Ndiyo, yaya. Weka muzuri."

(Kwetu yaya ni dada mkubwa. Wasomaji wa Dar es Salaam, ambao kwenu yaya ni mlezi wa watoto, mtuvumilie.)

Nikaweka muzuri. Kila aliyepita shule za Kongo anajua barua njema inavyoanza: una "insigne honneur", ile heshima isiyo na kifani, ya kujongea mbele ya "haute bienveillance", wema mkuu, wa mkubwa unayemwandikia, na hapo bado hujasema unataka nini. Nilizichukua heshima hizo zote nikazivalisha nguo za Kiingereza. Ukurasa mmoja na nusu. Unyevu niliuondoa, maana niliona kuanza barua na tarakimu ni kukosa adabu. Mvua niliigeuza kuwa mazingira magumu ya hali ya hewa. Swali la boti likateremka hadi aya ya nne, likawa kwamba tungefurahi mno endapo wangeona vema kutufahamisha msimamo wao kuhusu uwezekano wa kutumia njia ya ziwa.

Hakuna kosa la sarufi. Nimeisoma tena jana usiku, kwa wivu wa mtu anayetafuta pa kujitetea. Hakuna hata moja.

Dakika nane

Kijana aliniangalia kama anayeomba ruhusa. Sikuwa na la kusema. Akaanza kuandika kwa kidole gumba kimoja, midomo ikimcheza, akinong'ona kila neno kabla ya kuligusa. Kwa Kiswahili: "Haitembei. Barabara imekatika. Boti inaweza kesho. Bei ileile. Boti ndiyo ao hapana?"

Akatuma. Tukangoja. Nilihesabu dakika kwa sababu hakuna aliyekuwa anazungumza.

Dakika nane.

"Boti ndiyo. Asante kwa maneno ya wazi."

Anayejua kahawa hahitaji kuambiwa kwa nini dakika hizo zilikuwa na uzito. Kahawa iliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 11.2 ikilala ndani ya lori chini ya turubai linalovuja, inakunywa maji. Ikivuka 12.5 inaanza kualika ukungu, na mnunuzi ana haki ya kuikataa. Magunia 160 ni nusu ya kontena, na nusu ya kontena ni msimu mzima wa akina mama wa kilimani. Tena hiyo ni barabara ya Kalehe. Tangu maafa ya mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, Mei 2023, mvua ikinyesha upande ule, sisi wenye ndugu huko hatukai mbali na simu.

Kijana alimaliza kuhesabu faranga, akaziweka mezani, akaaga kwa heshima.

Je, nilimrudishia? Hapana. Nilizipokea. Mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha.

Lakini yale maneno, *maneno ya wazi*, aliyaacha ndani ya kibanda. Mimi ndiye mwenye diploma, na yule mama alikuwa ameshukuru kitu ambacho nilitumia saa nzima kukifuta.

Daftari

Alirudi wiki iliyofuata kutoa fotokopi ya karatasi za forodha. Nikamvutia kiti. Nikamuuliza, kwa sauti ya mwalimu ambayo bado sijaweza kuiacha, Kiingereza amejifunzia wapi.

Akacheka. "Yaya, mi sijui Kingereza. Najua tu ile yenye batu banaitikaka."

Nikadhani ni unyenyekevu. Akatoa daftari.

Ni daftari la shule la kawaida, jalada limeshikwa kwa gundi ya plasta, kurasa zina alama za vidole vyenye mafuta. Kila ukurasa umepigwa mstari katikati. Kushoto ameandika sentensi alizozinakili kwenye jumbe za wanunuzi, neno kwa neno. Kulia zipo zake mwenyewe, zile alizozituma. Sentensi iliyopata jibu amewekea alama ya vema. Iliyopata jibu siku hiyohiyo ina alama mbili. Isiyojibiwa, au iliyorudi na swali, imekatwa kwa mstari.

Ndiyo shule yake yote. Sentensi zinazoitikiwa zinabaki, zisizoitikiwa zinakatwa.

Nilifungua polepole. Kuna ukurasa wa mvua na barabara, umejaa. Kuna ukurasa wa fedha: malipo yameingia, hayajaingia, benki imerudisha. Kuna ukurasa wa kuonja, ambako mnunuzi anasema kahawa ina ladha ya limau au ya chai nyeusi, na kijana amechora kikombe kidogo pembeni kwa sababu, anavyosema, haamini sana. Na kuna ukurasa wa kukataa. Huo ndio nilikaa nao. Jinsi ya kumwambia mzungu hapana bila kumpoteza. Majaribio mengi yamekatwa. Yaliyokatwa ni ya aina yangu, marefu, yenye kuomba radhi mara tatu. Moja lina alama mbili za vema, kisha ya tatu imeongezwa kwa kalamu nyingine:

"Kwa bei hii mama zetu hawapati kitu."

Kiingereza chake kina kosa, kihusishi si chenyewe. Nilishika kalamu. Nikaiweka chini.

Mpaka Ijumaa

Kosa jingine nilikuwa nimeshamsahihisha siku ya kwanza kwa wino mwekundu. Alikuwa ameandika kwamba sampuli zitafika "until Friday". Nikamweleza kwamba Kiingereza kina maneno mawili hapo. Moja ni la jambo linaloendelea hadi Ijumaa kisha likakoma. Jingine, "by", ni la jambo ambalo Ijumaa ikifika linapaswa liwe limekwisha kufanyika. Sisi husema mpaka, basi: nitakaa mpaka Ijumaa, nataka mpaka Ijumaa uwe umenilipa. Mwingereza akisoma vile, nikamwambia, atadhani sampuli zitakuwa zinafika kila siku hadi hiyo Ijumaa.

Alinisikiliza kwa adabu. Sasa, daftari likiwa wazi kati yetu, akanionyesha upande wa kushoto sentensi ya mama wa Hamburg mwenyewe. Anaomba karatasi fulani "until Wednesday".

Ilinichukua muda. Kisha nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kijerumani nacho kina neno moja kwa kazi zote mbili: *bis*. Mhavu wa Kalehe na Mjerumani wa Hamburg wamekosea kosa lilelile, kila mmoja akipita njia ya nyumbani kwake, wakakutana katikati na wakaelewana vizuri kuliko ambavyo yeyote kati yao angeelewana na mimi.

Watu wanaotumia Kiingereza duniani wanakadiriwa kufika bilioni 1.5, na waliozaliwa nacho hawafiki milioni 400. Nilikuwa naijua hesabu hiyo, niliwahi hata kuiandika ubaoni nikifundisha. Sikuwahi kuifikisha mwisho wake: kwamba barua nyingi za Kiingereza leo zinatoka kwa mgeni kwenda kwa mgeni, na mwenye nyumba hayupo.

Sisemi makosa ni mazuri. Mkataba wenye "until" mahali pa "by" unaweza kula pesa za watu, na nilimwambia hivyo, kwa ukali kidogo. Akafungua ukurasa wa tarehe. Ameshaacha maneno yote mawili. Siku hizi anaandika: "Ijumaa tarehe 14, si baada."

Alama mbili.

Namba kwenye kiganja

Hapa ndipo ilipoanza kunikosesha usingizi hasa.

Usiku mmoja, umeme ulipokuwepo, nilifungua folda ya barua za wateja. Miaka mitatu. Nilikuwa nazikumbuka kama kazi njema. Baadhi nilikuwa nimezitumia kama mifano. Nikaanza kuzisoma kwa jicho la mtu aliyeketi Hamburg, mchana, ana jumbe nyingine hamsini.

Barua za bursa, sawa, waombaji ni maelfu, kutojibiwa kuna sababu nyingi. Hizo nilijisamehe. Lakini kulikuwa na mzee mmoja wa Kadutu, mwenye mashine ya kusaga mihogo na mahindi. Kifaa kilivunjika. Kuna muuzaji India alikuwa nacho. Mzee alikuja amenakili namba ya kifaa kwa kalamu ya bluu kwenye kiganja cha mkono, moja kwa moja kutoka kwenye kibati cha mashine, akaishikilia mbele yangu kama mtoto anayeonyesha kwamba amenawa. Alitaka niandike jambo moja: mnayo hii, na ni pesa ngapi?

Nimeitazama barua ile. Ukurasa mzima. Salamu, historia ya mashine, pongezi kwa sifa njema ya kampuni. Namba ya kifaa iko mstari wa tatu kutoka chini, baada ya matumaini yetu ya ushirikiano wa kudumu.

Hawakujibu. Tulisema, mimi na yeye, kwamba Wahindi wana dharau. Mzee aliuza mashine kama chuma chakavu.

Labda hawakuwa na kifaa. Labda barua haikufika. Sitajua kamwe, na sidai kwamba heshima zangu ndizo zilizoua kinu cha mtu. Lakini namba ilikuwa kiganjani mwake, nimeiona kwa macho yangu, na mimi ndiye niliyeificha.

Neno moja lililokosekana

Nilipokuwa ISP nilisoma habari za ndege moja ya Kolombia, nikazikariri kwa ajili ya mtihani. Sasa nazisoma upya kama mtu anayesoma habari za jamaa yake.

Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya Avianca ilikuwa inatoka Bogotá na Medellín kwenda New York. Hali ya hewa mbaya, ndege nyingi zinangoja, nayo ikazungushwa angani zaidi ya saa nzima. Mafuta yalikuwa yanakwisha. Marubani waliongea Kihispania kati yao na Kiingereza na waongozaji wa chini. Waliomba kipaumbele. Walisema kwamba mafuta yanakwisha. Neno ambalo hawakulitamka ni lile rasmi la dharura, "emergency", ambalo lingefungua njia na kusukuma ndege nyingine pembeni. Ilianguka Cove Neck, Long Island, injini zikiwa zimezima. Kati ya watu 158 walikufa 73.

Kwa mtihani niliandika: waliokufa walikosa msamiati. Nikapata alama nzuri.

Sasa naona upande wa pili. Waliokuwa chini walisikia kwamba mafuta yanakwisha, na wenye lugha ndio hao. Mmoja aliwauliza wanaweza kungoja muda gani, wakajibu kama dakika tano, na jibu hilo halikufikishwa kwa waliowaongoza kutua. Na sikiliza jinsi mambo yalivyobadilika baadaye. Tangu Machi 2008 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linadai rubani na mwongozaji wa safari za kimataifa wawe na lugha ya ngazi ya 4 kwenda juu, katika ngazi 6. Ukisoma masharti hayo hukuti mahali panapodai uongee kama mtu wa London. Lafudhi yoyote inakubalika mradi wenzako wa angani wanaielewa. Na wenye lugha nao wanabanwa: wasikimbize maneno, waache misemo ya kwao.

Mama wa Hamburg angeweza kuifunga ile barua yangu na kuendelea na kazi zake. Aliuliza. Nadhani aliuliza kwa sababu naye ni mgeni katika Kiingereza, na mgeni anajua kwamba kutoelewa si aibu ya mtu mmoja. Sina uhakika. Huenda ni mtu mwema tu.

Waliokizika Kiswahili

Mnaujua utani: Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakua Tanzania, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Sisi, basi, ndio wenye makoleo.

Miaka kadhaa iliyopita niliingia kwenye kundi la simu la wafanyabiashara wa vitenge, wengi wao wa Dar. Niliandika kama ninavyoongea: naomba bei ya bile bitenge bya ku picha ya mbele. Zikaja sura za kucheka, safu nzima. Mmoja akauliza, dada, hicho Kiswahili umekiokota wapi? Mwingine akaandika kwamba amesoma mara tatu na sasa anaumwa kichwa.

Bei haikuja.

Swali langu lilikuwa wazi. Kila aliyecheka alielewa kwamba naulizia bei ya kitenge. Huwezi kucheka usichokielewa. Nilikaa kimya miezi. Nikajifunza hiki mnachosoma sasa, vile vitenge vya kwenye picha ya mbele, na bei zikaja, na kitenge kilikuwa kilekile.

Nilidhani somo nililopata pale lilikuwa la sarufi. Ndiyo maana kijana wa Kalehe aliponiwekea karatasi yake mezani, nilifanya alichofanya kundi lile, ila mimi nilicheka kwa ndani na nikatoza faranga.

Sifa

Nimejiuliza sana jinsi ya kumsifu bila kumdharau.

Maana nimewahi kusifiwa. Kwenye usaili wa shirika moja, bwana mmoja wa Uingereza alinyanyua nyusi akasema Kiingereza chako ni kizuri sana! Nilirudi nyumbani miguu haigusi lami ya Avenue Lumumba. Wiki moja baadaye, kazi akiwa amepewa mwingine, nilikumbuka kwamba katika dakika ishirini hakunijibu jambo lolote nililosema. Alikuwa anasikiliza Kiingereza. Mimi nilikuwa nazungumzia maji ya kunywa.

Sifa ya mama wa Hamburg haikuwa hivyo. Hakusema hongera kwa kuweza. Alishukuru kwa maneno, kama unavyomshukuru mtu aliyekupa maji, na kabla ya shukrani aliweka jibu: boti ndiyo.

Daktari wetu wa hospitali ya Panzi, Denis Mukwege, aliposimama Oslo tarehe 10 Desemba 2018 kupokea Nobel ya Amani, aliongea Kifaransa, na dunia ikajipanga kumfuata kwa wakalimani. Sawasawa kabisa. Ila mwenye magunia 160 barabarani hana mkalimani; ana kidole gumba. Na si yeye wa kwanza. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, aliyelelewa kwa Kiswidi na kusoma Kifini, aliwaandikia wenzake wa kompyuta kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu, kwamba anatengeneza mfumo wa bure, ni wa kujifurahisha tu, hautakuwa kitu kikubwa, na wao wangependa uwe na nini? Linus Torvalds. Hawakumwambia Kiingereza chako ni kizuri. Walimjibu wanachopenda. Kiini cha mfumo ule, Linux, kimo leo ndani ya kila simu ya Android, ikiwemo ile ya kioo cha buibui.

Nakala

Mtu ataniambia mambo haya yamekwisha, kuna programu za kuandika Kiingereza laini kama siagi, bure. Najua. Zimenipunguzia wateja. Nilimuuliza kijana kwa nini hazitumii.

"Nilijaribu, yaya. Kile kintu kinaombaka samahani mingi. Mi sikukosa."

Nilitaka kubisha, nikakumbuka aya yangu ya kwanza.

Juzi Jumamosi alikuja tena. Hakuleta barua. Alileta daftari lenyewe, akaomba nakala mbili za kurasa zote, kwa sababu binamu zake wawili nao wanaanza kushika simu, mmoja wa kahawa, mmoja wa sambaza, wale dagaa wa ziwani kwetu. Kurasa 41. Nikaanza kuzilaza kwenye kioo moja moja. Mvua, fedha, ladha ya limau na kikombe chake kidogo. Ukurasa wa kukataa.

Karibu na mwisho nikakutana na mwandiko wake umenakili, herufi kwa herufi, sentensi ninayoijua. Tuna heshima isiyo na kifani. Yote, mpaka nukta. Imekatwa kwa mistari miwili. Chini yake: boti ndiyo ao hapana, alama mbili.

Mkono wangu ulisimama. Nadhani aliona, maana aliacha kuchezea simu.

"Huu nao?" nikauliza. "Si umefutwa?"

"Toa yote, yaya," akasema taratibu. "Na ile bajue."

Nikafunga kifuniko, nikabonyeza. Taa ikapita chini ya karatasi mara mbili.